Nyumba Imejaa Watu, Mzazi Yuko Peke Yake

Mtoto mwenye tiki, ile mitikisiko na sauti zinazomjia bila kukusudia, mara nyingi huwa mzima kabisa mbele ya daktari. Umeomba ruhusa kazini, mmekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na mkiingia ndani anatulia. Macho yametulia, shingo imetulia, anajibu maswali kwa adabu. Daktari anamtazama yeye, kisha anakutazama wewe. Mkitoka, hata getini hamjafika, shingo inaanza kuvutika upande, tena kwa nguvu kuliko jana. Dakika ile unajiona mwongo, na mtoto naye anakuangalia kana kwamba amekuangusha.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mzazi yeyote anayenipigia simu ni kurekodi video nyumbani, mtoto akiwa amezama kwenye katuni au mchezo wake. Baadaye mweleze kwa nini umerekodi, na umwoneshe kama anataka. Video fupi ilitusaidia sisi kuliko maelezo yangu yote.

Kwa asiyejua: tiki ni mtikisiko au sauti ya ghafla, fupi, inayojirudia bila mpangilio. Kupepesa macho, kukunja pua, kutikisa kichwa, kupandisha bega, kusafisha koo, kunusanusa, kuguna. Mtoto hafanyi kusudi, ila anaweza kuizuia kwa muda, na hapo ndipo watu wazima wengi wanapopotea. Wakiona amejizuia mbele ya babu, wanasema kumbe anaweza. Anaweza kama unavyoweza kuzuia chafya: kwa kujikaza, kwa muda mfupi, huku mwili mzima unaidai. Watoto wakubwa kidogo hueleza kwamba kabla ya tiki kuna kitu wanakisikia, muwasho au mkazo mahali fulani, na haukomi mpaka tiki itoke.

Wa kwangu alianza na macho, akiwa darasa la awali. Tulidhani vumbi. Kisha tukadhani mzio, akapewa dawa ya matone, kisha miwani. Macho yakaacha yenyewe, tukashukuru Mungu. Baada ya likizo likaja bega, na bega halijapoa likaja koo. Tuliambiwa huenda ni kifafa, tukaanza kuogopa usiku. Ilichukua muda mrefu kumpata daktari aliyekaa nasi akaeleza kwamba tiki za mwili zikiwa zaidi ya moja, ya sauti ikiwepo walau moja, na hali ikizidi mwaka, huo unaitwa ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Mwaka ule nikaushika moyoni. Kitu ambacho madaktari wamekiandika tangu enzi za Wajerumani kuingia huku kwetu, hakikuanzia jikoni kwangu.

Watu hudhani kinachomchosha mzazi ni kelele. Kelele zipo, hasa jioni mtoto akiwa amechoka, koo linaposafishwa kutwa nzima na wewe una taarifa ya kazini ya kumaliza. Lakini kilichonimaliza mimi ni kutojua kesho italeta nini. Tiki hupanda na kushuka. Wiki kadhaa nyumba inatulia, unaanza kupumua, unaanza hata kumwambia dada yako kwamba mambo yamepoa. Halafu karibu na mitihani, au karibu na Idi, furaha nayo ikiwa chanzo sawa na hofu, zinarudi zikiwa na sura mpya. Ukishaishi hivyo muda mrefu, hata siku nzuri huifurahii, maana unaisikiliza. Unakaa mezani unasikiliza. Unalala unasikiliza.

Halafu kuna barabarani. Kwenye daladala watu hugeuka. Tangu janga la korona, mtoto anayesafisha koo mfululizo huachiwa kiti kizima. Kondakta mmoja aliniambia kwa upole wa kweli, "Mama, mpe mtoto asali na tangawizi." Nilishukuru. Nilikuwa nimeshaambiwa hivyo na mtu mwingine kituoni.

Watafiti wa Uingereza waliwahi kuwalinganisha wazazi wa watoto wenye Tourette na wazazi wa watoto wenye pumu, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Waliolemewa zaidi kiakili walikuwa wale wa Tourette. Mwanzoni nilishangaa, kwa sababu pumu inaweza kuua na tiki haiui. Nilipolifikiria sana nikaona ni sawa. Mama wa mtoto mwenye pumu haulizwi amefanya nini mpaka mtoto akawa hivyo. Pia tiki mara nyingi haziji peke yake. Watoto wengi wenye Tourette wana pia shida ya kutotulia na kushindwa kuzingatia, au mawazo yanayong'ang'ania na kuwalazimisha kurudiarudia mambo. Kwa nyumba nyingi hayo ndiyo yanayovunja mgongo: daftari lisilomalizika, hasira za kulipuka, mlango unaofungwa na kufunguliwa mpaka ajisikie sawa. Kwetu shida ni hiyo ya kwanza, na nikisema ukweli, ningeweza kuishi na bega na koo maisha yangu yote kama kazi za shule zingeisha bila vita.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Ukisoma maandishi ya wazazi wa Ulaya na Marekani, mengi yanalia upweke: hakuna anayebisha hodi, jamaa wako mbali, majirani hawajuani. Mimi naishi Tanga. Watu kwangu hawajawahi kukosekana. Kuna shangazi, kuna wifi, kuna majirani, kuna wanawake wa kikoba, kile chama chetu cha kuweka na kukopa, kuna mama wa duka la mbele. Habari za mtoto wangu zilipoenea walikuja wote, na kila mmoja alikuja na kitu. Mafuta ya habasoda ya kupaka utosini. Kombe, yale maandishi ya Qur'ani yanayooshwa kwa maji ya kunywa. Kitunguu swaumu. Namba ya mzee wa Muheza. Namba ya mchungaji, kutoka kwa jirani Mkristo anayetupenda sana. Kisomo kilifanyika, na mimi mwenyewe niliitikia dua kwa machozi, naendelea kuomba mpaka leo na sitaacha.

Ila kila tiba iliyoletwa ilikuja na kazi yake. Iandae, ilipie, mshike mtoto anywe, halafu toa ripoti. "Vipi, yale mafuta?" Nikisema bado, uso wa mtu unaanguka, namfariji mimi. Nikisema afadhali, kesho yake anapita anasikia koo, anajua sikumwambia kweli. Na mtoto yuko pale pale, anasikia mwili wake unajadiliwa. Niligundua nakimbilia chooni wageni wakija. Sebule ilikuwa imejaa watu wanaotupenda, na mimi sikuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba nimechoka, kwa sababu kuchoka kwangu kungezaa tiba nyingine.

Hapo ndipo ninapoona msaada wa jamii unahitaji kuzungumzwa kwa lugha yetu. Sisi hatuna uhaba wa watu. Tuna mazoea kwamba ukimpenda mgonjwa lazima umletee uponyaji, na usipokuwa nao unaona aibu kwenda mikono mitupu. Kwa homa hilo halina tatizo. Kwa hali inayokaa miaka, mzazi anazama.

Aliyenionesha njia nyingine ni mama mkwe wangu. Kulikuwa na kikao cha ukoo. Haikusemwa hivyo, ilisemwa tunakula pamoja, lakini kilikuwa kikao. Swali lilikuwa moja: bega hili la mtoto limetoka wapi. Shangazi mmoja alisema upande wa baba hakuna kitu kama hicho, akanyamaza akiniangalia. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Marehemu baba yenu alikuwa na bega hilohilo. Nililala nalo miaka yote ya ndoa yangu. Mlikuwa hamlioni kwa sababu alikuwa baba yenu." Hakuna aliyesema neno. Wakaanza kuongelea bei ya nazi.

Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba tiki hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kwamba hakuna jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, ya kuishika mkono, ni mchanganyiko wa nyingi tu, na kwamba ndugu wawili wanaweza kurithi kwa namna tofauti kabisa. Mimi kuyasema hayo pale kikaoni kungekuwa kujitetea. Mama mkwe alinitua mzigo kwa sentensi chache, tena akaubeba kwa jina la mumewe. Sijapewa msaada mkubwa kuliko ule.

Wala lawama kwa wazazi si mambo ya kwetu pekee. Katikati ya karne iliyopita, waganga wa nafsi wa Ulaya na Marekani walieleza tiki kuwa hisia zilizofungiwa ndani, na mara nyingi kidole kilielekea kwenye malezi. Mke na mume huko New York, daktari Arthur Shapiro na mwanasaikolojia Elaine Shapiro, walionesha miaka ya 1960 kwamba dawa iitwayo haloperidoli inapunguza tiki, na hoja ya kwamba ni kosa la malezi ikaanza kukosa nguvu. Mwaka 1972 wazazi wa huko huko New York wakaunda chama chao. Napenda kukumbuka kwamba kilianza na wazazi kutafutana.

Mama mkwe akirudi kwake Pangani huondoka na mjukuu wake kila likizo. Anamkalisha kwenye mkeka, wanachana miyaa ya kusukia mikeka, anamfundisha kusuka ukili. Mtoto akiwa amezama kwenye kazi ya mikono, bega linapumzika. Wapo wanaoshangaa na kudhani ni upepo wa bahari. Ni jambo linalojulikana: tiki nyingi hupungua mtu anapozama kwenye kazi anayoipenda, mpira, ngoma, kuchora, na huongezeka kwenye uchovu, wasiwasi na msisimko. Bibi hajasoma hayo popote. Yeye hamuulizi kitu tu. Koo likilia anaendelea na hadithi yake.

Na kumbe huko kutouliza ni sehemu ya tiba yenyewe. Ipo tiba ya tabia kwa ajili ya tiki ambamo mtoto hujifunza kuitambua ile dalili ya kabla, halafu kufanya kitendo kingine kinachoifungia njia, kwa mfano kuvuta pumzi polepole kwa pua koo linapotaka kulia. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010 kwa watoto 126 lilionesha zaidi ya nusu ya waliopata tiba hiyo walipata nafuu ya kuonekana. Nusu ya pili ya tiba inahusu nyumba: kuangalia nini hutokea kabla ya tiki na nini hutokea baada yake. Kila tiki inayopata "acha hiyo!", au kichwa kinachogeuka, au hata pole ya haraka, inalishwa. Waliosomea tiba hiyo huku kwetu ni wachache na sisi hatukuipata kamili, ila sehemu ya nyumba tuliweza kuifanya wenyewe kwa maelekezo. Dawa pia zipo, haloperidoli, risperidoni na nyinginezo. Zinasaidia pale tiki zinapoumiza au kumzuia mtoto kuishi, nazo zina gharama zake: usingizi, kunenepa, mwili kukakamaa. Watoto wengi hawazihitaji. Wa kwangu hatumii kwa sasa, na daktari anajua.

Kwa hiyo nikawa na la kuwaambia wageni. Nilianza na wifi yangu. Nilimwambia, "Wifi, unataka kumsaidia? Usiitazame. Ongea naye habari za Simba." Alidhani nambeza, nikamweleza yote, kuanzia daktari mpaka bibi na miyaa yake. Siku hizi akifika anamkuta mtoto kibarazani na ubishi wa mpira unaanza. Amenisaidia zaidi kwa ubishi huo kuliko kwa mafuta yote, na naamini yeye mwenyewe amepumzika, maana alikuwa anakuja na hofu.

Kwa wanawake wa kikoba niliomba kitu kimoja kilichopimika: kila mwezi, Jumamosi moja, mtu amchukue mwanangu na mdogo wake asubuhi mpaka alasiri. Niliona aibu kweli kuomba. Tumezoea kuchangiana msiba na harusi, na hili halina jina kwenye daftari. Lakini watu wengi walikuwa wanasubiri kuambiwa wafanye nini, na waliposikia kitu ambacho mikono yao inakiweza, zamu ilijaa hapo hapo. Jumamosi hiyo mimi hulala. Wakati mwingine mimi na mume wangu tunakwenda ufukweni Raskazone tunakaa tu.

Baba wa watoto anastahili aya yake, kwa sababu akina baba husahaulika kwenye mambo haya. Yeye hakulia, hakusoma, hakwenda kliniki mara ya pili. Alianza kuchelewa kurudi. Nilidhani amekimbia, kumbe alikuwa hajui aseme nini kijiweni, mahali ambapo mtoto wake alikuwa ameigizwa mbele yake. Mlango ulifunguliwa na Tim Howard. Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza wanamkumbuka, golikipa Mmarekani aliyedakia Manchester United kuanzia 2003 kisha Everton miaka kumi. Ana Tourette tangu utotoni, na magazeti ya Uingereza yaliwahi kumwandika vibaya kwa ajili hiyo alipofika. Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil, Marekani ilipotolewa na Ubelgiji kwa mabao 2-1 katika muda wa nyongeza, alihesabiwa kuokoa mipira 16. Mume wangu aliitazama mechi ile kwa macho yake na hakujua. Nilipomwambia, aliinuka akaenda kijiweni usiku ule ule. Sasa ana maneno. Anasema, "Mwanangu ana ile ya Tim Howard," na vijana wanaelewa.

Shule ilikuwa ngumu zaidi na bado ni ngumu. Kanuni zetu zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini kila mzazi anajua fimbo darasani haisubiri idhini. Mtoto anayetoa sauti wakati mwalimu anafundisha huonekana anadharau. Akipigwa anaogopa, akiogopa tiki zinaongezeka, na anapigwa tena. Akijikaza kutwa nzima asionekane, hasikii somo hata moja, halafu anafika nyumbani anafumuka zote pamoja, na mama ndiye anayeamini kwamba mtoto anamfanyia yeye tu. Mwalimu mmoja wa kike aliuliza swali ambalo hakuna mtu shuleni alikuwa ameliuliza: "Akiwa amezidiwa, anataka nini?" Tulimuuliza mtoto mwenyewe. Alitaka kukaa nyuma, karibu na mlango, na kuruhusiwa kwenda bombani bila kunyoosha kidole. Mwalimu akakubali, akalieleza darasa mtoto akiwepo na kwa ridhaa yake. Kuigizwa hakukuisha, kulipungua.

Mama mwenzangu mwenye mtoto kama wangu nilimpata kwenye foleni ya kliniki. Nilisikia koo nikageuka nikidhani ni la mwanangu. Tulitazamana tukacheka mpaka watu wakatuangalia. Yeye ni Mchaga, anaishi mji mwingine, tunaongea kwa WhatsApp usiku watoto wakilala. Kwake silazimiki kuanza mwanzo. Nikimwandikia "zimerudi", anajibu "za wapi safari hii?" na mazungumzo yanaenda. Wengine wameongezeka, tumekuwa kikundi kidogo. Kuna jioni tunabishana kuhusu dawa, kuna jioni mtu anatuma sauti ya kilio tupu na hakuna anayemwambia avumilie. Tumekubaliana kutolinganisha watoto. Tumekubaliana pia jambo la usalama, nami naliweka hapa kwa wazazi wengine: mtoto akianza ghafla mitikisiko inayotiririka, asiyoweza kuizuia hata kidogo, anaangusha vikombe, mwandiko unaharibika, anakuwa mnyonge, hasa kama aliwahi kuumwa koo miezi ya karibuni, mpelekeni hospitali wasikilize na moyo wake, kwa sababu homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo huweza kujitokeza hivyo. Na mtoto akipoteza fahamu, hiyo si tiki.

Mdogo wa mwanangu, wa kike, ana kazi yake aliyojipa. Mgeni akikodoa macho, humwambia wazi, "Ni tiki, si kikohozi, endelea kula."

Mwanangu sasa ana miaka kumi na mmoja. Kwa watoto wengi tiki hufika kileleni kati ya miaka 10 na 12, kisha hupungua ujanani, kwa baadhi zikaisha kabisa. Nalijua hilo na nalishikilia, huku nikijua kwamba wapo wanaokua nazo na yeye anaweza kuwa mmoja wao. Tumelizungumza naye. Alisema ikibaki ya bega peke yake hana neno, ya koo ndiyo hataki.

Januari anaingia darasa la sita, na mwalimu atabadilika. Barua ya daktari tumeshaitoa kopi. Chini yake mtoto ameandika mistari yake mwenyewe: anapotaka kukaa, kwamba asiambiwe aache, na kwamba anajua kusuka ukili wa njia saba kama kuna mtu anataka kufundishwa. Baba yake amesema safari hii ataipeleka yeye.